Mwaka Tuliozitafutia Shanga Nyumba

Familia ya Jescah iliponiomba niandike kitu cha kusomwa siku ya mazishi, walinieleza kwa upole kwamba ni nusu ukurasa tu, kwa sababu wazungumzaji walikuwa wengi na kwaya ilikuwa na nyimbo nne. Niliandika jinsi tulivyoanza biashara ya shanga za mifupa, mimi nikiwa Sarang'ombe, Kibera, na yeye Kawangware upande wa Kongo, na jinsi mwaka wa tisini na tisa tulivyoamua kwa pamoja kuziweka kwenye intaneti, wakati majirani zetu wengi hawakuwa hata na simu. Emsii alisoma vizuri. Watu walitikisa vichwa, na mama mmoja wa kanisa lao akanishika mkono akasema nimemheshimu rafiki yangu. Nilirudi nyumbani nikatafuta daftari la mwaka ule, nikasoma nilichoandika kwa mkono wangu mwenyewe. Hatukuamua kwa pamoja. Mimi niliishia darasa la saba, na sijui kama mtu wa elimu yangu anafaa kuandika mambo ya kusomwa na wengine, lakini nusu ukurasa ule umenikaa vibaya, na afadhali niandike mengine yaliyobaki hata kama yataniaibisha.

Chumba changu kilikuwa kimoja, na kilinuka. Mifupa ya ng'ombe nilinunua kwa wachinjaji, nikaichemsha nje ya mlango kwenye pipa lililokatwa nusu, pamoja na sabuni ya unga, mpaka mafuta yote yatoke. Siku ya kuchemsha, jirani wa mlango wa tatu alikuwa akipita ameziba pua na kitambaa, ananiuliza, "Mama Akoth, leo unapika nani?" na kila mtu anacheka, hata mimi. Baada ya kukauka nilikata kwa msumeno mdogo, nikatoboa, nikasugua kwa msasa, nikachora kwa nta na kuchovya kwenye rangi nyeusi, ili nta ikitolewa mistari ibaki myeupe. Vumbi la mfupa lilikaa kwenye nyusi zangu, kwenye sukari, kwenye shuka. Kwa Jescah mambo yalikuwa mengine. Sakafu yake ilikuwa ya simiti iliyopigwa rangi nyekundu, viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma, na alikuwa na meza ya kweli yenye miguu minne iliyolingana. Yeye alimaliza kidato cha nne na alijua kupiga chapa, kwa hivyo meza hiyo tuliiita ofisi. Kila Jumamosi nilibeba shanga kwenye mfuko nikatembea kutoka Kibera mpaka kwake, na nikifika nakuta chapati na ndengu, au ugali na mrenda, na chai ya tangawizi. Aliniita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, kwa sababu ndiko nilikozaliwa, na alilitamka vibaya makusudi ili nimkosoe. Alikuwa na kicheko ambacho mtu aliyepita nje alikuwa anasimama kidogo asikie. Sijawahi kukutana na mtu aliyemchukia. Ninasema hivyo kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu wakati ule ndilo jambo lililoniuma zaidi.

Mapema mwaka huo alikuja mama mmoja mzungu, mwenye duka la mapambo kwao, ameletwa na wageni wa kanisa. Nilimwonyesha msumeno, pipa, nta, kila hatua. Aliangalia kwa heshima, kama dakika kumi. Halafu akaketi na Jescah kwenye kitanda changu, wakaongea Kiingereza saa nzima, wanacheka, mimi nikiwachemshia chai. Wakati wa kuondoka alimkumbatia Jescah. Mimi alinipa mkono. Daftari la siku hiyo linasema: "Mzungu amekumbatia J. Mimi nimepewa mkono. Mimi nilikuwa na vumbi, pengine ni hiyo." Ni huyo mama aliyetuambia kwamba shanga kama hizi zikiwekwa kwenye intaneti, watu wa mbali wanaweza kuziona na kuandika barua kuagiza. Alimwambia Jescah, na Jescah akanitafsiria.

Mtu aliyejua hayo mambo alikuwa Shem, mpangaji wa mtaa wa Ayany, si mbali na kwangu, aliyefanya kazi na kompyuta kwenye ofisi fulani ya town na jioni anatengenezea watu tovuti, ambayo yeye aliita peji. Tulienda kwake Jumapili moja baada ya kanisa. Mke wake alitupa maandazi. Shem alichukua kalenda ya zamani, akaigeuza, akachora nyuma, na karatasi ilimwelekea Jescah, mimi nikaisoma miguu juu. Alisema peji ni kama vyombo vyako vya nyumbani. Hata viwe vizuri namna gani, lazima upange nyumba mahali uviweke, na swali la kwanza kwa mtu anayefanya biashara akiwa nyumbani kwake ni hilo: utapanga kwa nani? Kulikuwa na nyumba ya bure. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imegawa nafasi yake kama mitaa, kuna mtaa wa watu wa muziki, mtaa wa wapishi, mtaa wa kazi za mikono, na kila peji ina namba ya nyumba. Kodi hawaombi, ila landlord anabandika matangazo yake mlangoni kwako, na anwani ni ndefu kama maelekezo ya kufika kwetu, pita posho mill, ruka mtaro, uliza kwa mama wa mboga. Na kulikuwa na nyumba ya kulipia, kampuni ya hapa Nairobi, kila mwezi unatoa kodi. Huko jina ni fupi na ni lako, na kuna simu ya kupiga kukiharibika, lakini mtu aliye mbali akitaka kufungua peji yako atangoja mpaka achoke.

"Si tuanze na ya bure?" Jescah alisema. "Kwani nani anapanga mezonet ya matajiri kabla hajapata kazi?"

Shem alicheka, mke wake akacheka, na mimi nikacheka. Alikuwa sawa. Hatukujua kama kuna mtu hata mmoja duniani atakayeagiza. Tungeishia hapo, na pengine ningekuwa na mambo machache ya kuandika leo. Lakini Jumamosi iliyofuata nilipofika kwake, alinipokea mlangoni na furaha, akaniambia wameshapata nyumba. Alikuwa amekutana na Shem town, wakaingia cyber, duka la kukodisha kompyuta, wakachagua mtaa wa kazi za mikono na namba. Niliuliza imeandikishwa kwa jina la nani. "Langu," akasema, "si mimi ndiye nilikuwa kwa kompyuta." Alisema kama mtu anayesema leo ni Jumamosi. Nilikula chapati yake, nikasema ni sawa.

Anayesoma hapa na hajawahi kupanga chumba Kibera au Kawangware inafaa aelewe jambo moja. Kwetu hakukuwa na karatasi. Nyumba ilikuwa ya yule ambaye caretaker, mwangalizi wa nyumba za kupanga, anamjua kwa jina. Niliwahi kuona wanawake wawili waliochangia kodi miaka mitatu, wakakosana, na yule ambaye jina lake halikujulikana akatolewa na godoro lake mchana watu wakiangalia. Kwa hivyo nilijiambia kwamba siku mimi na Jescah tukikosana, shanga zitabaki kwenye nyumba yake na mimi nitabaki na pipa. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli na siwezi kuidharau. Lakini ukurasa wa daftari wa jioni ile hauongei mambo ya kodi wala caretaker. Unasema, "Sasa hata huko ng'ambo nitakuwa ndani ya nyumba ya J."

Nikaamua kwenda kuiona ile kampuni ya kulipia, bila kumwambia. Nilivaa nguo yangu ya kanisa, nikapanda ngazi mpaka orofa ya tatu, nikamwambia msichana wa mapokezi kwamba nataka kuona mahali peji yangu italala. Hakunicheka, na ninamshukuru mpaka leo. Alimwita kijana mmoja ambaye alinifungulia mlango wa chumba chenye baridi kama mochari, masanduku yamepangwa kwenye rafu na taa ndogo za kijani zinawaka na kuzima. Niliangalia dari kama inavuja. Haikuvuja. Kisha nikafanya kile mtu yeyote wa kwetu anafanya kabla ya kulipa deposit: nikaomba kuongea na wapangaji. Ukitafuta nyumba kwenye ploti, unasimama karibu na mfereji kama unangoja zamu ya maji, unawauliza wanaofua kama caretaker ni mlevi, kama stima inapotea. Msichana alifikiria, akanipa jina la mpangaji wao mmoja, mwanamume aliyepanga safari za watalii akiwa nyumbani kwake, na bahati ilikuwa kwamba anaishi hapo Ayany. Nilimkuta sebuleni amevaa ndara, ramani ya mbuga imebandikwa ukutani na watoto wake wanafanya hesabu kwenye meza ileile ya biashara. Alinijibu kama jirani. Alisema peji yake inachelewa kufunguka, na kwamba mwezi uliopita ilipotea siku mbili nzima. "Lakini nilipiga simu, mtu akashika," akasema. "Hicho ndicho unalipia, mama. Mtu wa kushika simu."

Nilimpelekea Jescah habari hizo zote, nzuri na mbaya, sikuficha neno. Alisikiliza akikanda unga. Alipomaliza aliuliza kama nilikwenda peke yangu. Nikamuuliza kama yeye alipochagua nyumba alikuwa na mimi. Hatukuwa tumewahi kuongeleshana hivyo. Mwishowe alisema tukae ya bure mpaka mwisho wa mwaka, ikileta wateja tuhame tukiwa na nguvu. Nilikubali kwa mdomo.

Mwezi wa tano alifiwa na shangazi yake Kakamega, akaenda wiki mbili. Kabla ya kupanda basi aliniandikia neno la siri la barua pepe kwenye kipande cha karatasi, akanionyesha mahali pa kubonyeza, kwa sababu Shem alikuwa anamalizia picha, na yule mama mzungu mwenye duka angeweza kuandika. Nilienda cyber siku ya Alhamisi. Kulikuwa na barua moja mpya, imeandikwa kwa herufi nyeusi nzito. Haikutoka kwa yule mama. Ilitoka kwa wenye nyumba ya bure. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, kwa hivyo niliinakili yote kwenye daftari, na nyumbani nikafungua kamusi neno kwa neno. Walikuwa wanasema nyumba yetu iko tupu. Tusipoweka kitu ndani yake kabla ya wiki tatu kwisha, watampa mtu mwingine. Kitu chochote kingetosha, hata mstari mmoja. Ningemwambia Shem tu, aweke jina letu pale, basi. Kutoka kwangu mpaka kwa Shem ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Nilikaa na ile kamusi magotini, na nitasema kilichonijia bila kukipaka mafuta: nilifurahi.

Jescah aliporudi nilimkuta kwake Kongo anafungua mizigo, ameniletea ndizi na kuku mzima. Aliuliza kama kuna barua. "Hakuna kitu," nikasema. Hakwenda kuangalia, kwa nini aende? Kila safari ya cyber ilikuwa gharama, na mwenzake alikuwa ameangalia. Zilibaki siku tisa. Tulikula yule kuku Jumamosi mbili, ya kwanza wa mchuzi na ya pili mabaki aliyoyakausha juu ya moto, yakakaangwa na vitunguu, na mara zote mbili alinieleza jinsi peji yetu itakavyokaa, kwamba juu kabisa kutakuwa na picha ya mikono yangu inachora kwa nta. Mikono tu, alisema, mtu aone kazi. Nilijua anasema ukweli, kwa sababu Shem alikuwa amepiga picha hiyo. Na kwenye daftari, usiku wa Jumamosi ile ya pili, niliandika kitu ambacho leo ninakiona kigumu kukinakili: "Anataka mikono yangu bila uso."

Picha zilipokamilika tulienda cyber wote wawili. Kiti kilikuwa kimoja, mimi nikaketi kwenye benchi mlangoni. Nilimwona mgongo tu. Alikaa muda mrefu, akabonyeza, akakaa tena. Alipotoka alisema nyumba imechukuliwa. Kwenye namba yetu sasa kulikuwa na mwanamke mmoja na paka wake saba, kila paka na picha yake na tabia zake. Jescah alianza kucheka alipofika paka wa nne, lakini kicheko hakikufika mahali pake. Akasema, "Nimechelewa mimi. Twende kwa ile yako."

Kwa hivyo tulipanga orofa ya tatu, na jina lililoandikishwa lilikuwa langu, na namba ya kitambulisho changu. Yule msichana wa mapokezi alinikumbuka. Peji ilifunguka mwezi wa saba, polepole kama alivyosema yule mwanamume wa safari za watalii, na mara mbili ilipotea, na mara mbili nilipiga simu kutoka kibanda cha simu na mtu akashika. Jambo hilo nililisema mbele ya Jescah zaidi ya mara mbili. Oda ya kwanza ilikuja mwezi wa tisa kutoka kwa mtu ambaye hatukumjua. Ilianza, "Dear Jescah." Zilikuja nyingine, na zote zilianza hivyohivyo, kwa sababu yeye ndiye aliyejibu, kwa Kiingereza chake kizuri chenye utani, na watu wakampenda bila kumwona, kama wale waliomwona. Mwanamke mmoja alimwandikia habari za talaka yake. Mwingine alimtumia picha ya mtoto mchanga amevishwa shanga zangu, na Jescah akaiweka ukutani kwake. Kulikuwa na sababu nzuri, barua ililetwa kwa anwani yake. Nilijua kuna sababu nzuri. Kila Jumamosi niliingia chumbani mwake nikaiangalia ile picha kabla ya kumwangalia yeye.

Mwezi wa kumi na mbili, kukiwa na oda kubwa ya krismasi imeshatumwa, alikuja kwangu Sarang'ombe siku ambayo si Jumamosi. Nilikuwa nasugua kwa msasa. Aliketi kwenye kitanda na kusema amepata kazi ya ukarani, anaanza Januari, na biashara ataniachia. Nilimwambia hiyo ni habari njema. Alisubiri kidogo, halafu akaniambia kwamba kwenye ile barua pepe, barua ambayo haijafunguliwa huwa nyeusi nzito, na ikishafunguliwa herufi zake hubaki nyembamba. Sikuwa nimejua hilo. Nilidhani barua ukiifunga inarudi kama ilivyokuwa, na kama ningejua namna ya kuifuta, ninaogopa ningeifuta. Msasa uliendelea kusugua mkononi mwangu wenyewe.

"Ilikuwa nyembamba, Nyar Seme," akasema. "Na mimi sikuwa nimeifungua."

Niliuliza kwa nini hakusema siku ileile.

"Nilitaka uniambie wewe. Wale wa nyumba ya bure walinipa wiki tatu. Mimi nimekupa miezi saba."

Hakupandisha sauti. Alikuwa na vumbi la mfupa kwenye sketi yake ya bluu na hakuling'uta. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba nilisema pole, au kwamba nililia, na pengine mtu mwingine akisimulia angeniwekea hayo. Daftari halinipi nafasi. Nilichosema ni hiki: "Sasa barua nani atajibu?"

Jescah aliniangalia. Kisha akaomba daftari na kalamu, na mahali palepale kitandani akaniandikia barua ya mfano kwa Kiingereza chepesi, ya kushukuru, ya kusema shanga ziko tayari, ya kusema zitachelewa kidogo kwa sababu ya mvua. Alinisomesha kila mstari mpaka nikaweza bila kuangalia. Hakuharakisha, na nilipokosea hakucheka. Mwisho wa barua aliacha nafasi, akasema hapo ndipo nitaandika jina langu. Alikunywa chai nusu kikombe. Baada ya hapo tulisalimiana tukikutana, tulihudhuria harusi za watu wale wale, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote, kwa maana hakuna aliyewahi kuniuliza.

Januari nilienda cyber peke yangu, na safari hii kiti kilikuwa changu. Kulikuwa na barua moja, nyeusi nzito, kutoka kwa mwanamke asiyejulikana aliyetaka mikufu sita. "Dear Jescah," aliandika, nimesikia habari zako kwa rafiki yangu. Nilinakili mfano neno kwa neno, nikiangalia kila herufi. Nilipofika kwenye ile nafasi ya jina nilikaa hapo muda, mpaka mwenye cyber akaja kuuliza kama mashine imekwama. Nikamwambia hapana. Nikaandika Jescah, nikabonyeza, na hivyo ndivyo nilivyotia sahihi barua zote za biashara ile mpaka nilipoifunga.